Ya betri, Sony au ya mbao? TV tatu za zamani na pesa ya moja

Kijana wa kaka yangu yuko Malindi kikazi, juzi akanitumia picha sita kwa simu, chini kaandika: ami, pesa yatosha moja tu, nichukue ipi? Picha moja ni TV ndogo nyekundu ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, zile za kutumia betri ya gari. Picha moja ni Sony Trinitron ya rangi, inchi 21, kasha jeusi, mwenyewe alikuja nayo kutoka Dubai miaka hio. Picha nne zilobaki zote ni za TV ya mbao, ya valvu (zile taa za kioo zilotumika kabla ya transista), ina miguu yake minne, yatoka kwenye nyumba ya Mtaliano kule Casuarina, nyumba yauzwa na vilivyomo ndani vyatolewa bei ya kutupa. Picha nne! Ya'ni kashaipenda, anataka tu mimi niseme ndio.

Nikamjibu kwa sauti, dakika kumi na moja, akaniambia ami upepo ulikuwa mwingi sikusikia. Basi naandika, na mwengine yeyote anaetaka kuanza kukusanya hizi TV huku kwetu asome pia.

Kabla ya zote tatu, mtu wa Lamu ajue kitu kinachoua hizi TV huku ni chumvi. Mimi nilijua kwa hasara. Kuna TV ya rangi nilichukua hapa hapa Langoni, ilikuwa imelala stoo miaka na dirisha laangalia bahari, na ulikuwa msimu wa kusi, mwezi wa tano, mvua kila siku. Nikafika nayo nyumbani nikachomeka ukutani moja kwa moja, kiherehere tu. Ikalia tsss, kama samaki akitiwa kwenye mafuta moto, ikaja harufu kali ile ya umeme, alafu kimya. Flaibeki imekwenda. Sasa elewa kwa nini: tubu ya rangi ya inchi 21, ile chupa kubwa ya kioo, inataka volti elfu 25 hivi pale kwenye waya mnene mwekundu unaoingia ubavuni, na flaibeki ndo inayozitengeneza. Vumbi la miaka lenye chumvi likinyonya unyevu linakuwa barabara, umeme unapita juu ya vumbi badala ya kukaa ulipowekwa. Lau ningeifungua kwanza nikaipiga brashi, nikaifuta kwa spiriti, nikaiacha siku tatu nne mahali pakavu, naamini ingekuwa hai mpaka leo. Siku hizi mimi TV nanunua kaskazi, kusi naacha watu wengine wajaribu bahati yao.

Vitu vya kwenda navyo ukienda kuangalia TV: bisibisi ya nyota yenye shingo ndefu, tochi, mita ya kupimia umeme, na globu. Globu nasema ile ya kizamani yenye waya ndani, wati 60 au 100, sio hizi za LED. Yafungwa kwenye waya wa moto kabla haujafika kwenye TV, umeme upite kwenye globu kwanza. TV ikiwa na shoti, globu inawaka kwa nguvu zote na kubaki hivo hivo, na TV haiungui zaidi ya ilivyoungua. Ikiwa nzima, globu inang'aa mara moja alafu inafifia. Mafundi wengi wa Malindi wanayo imeshatengenezwa kwenye kibao pamoja na soketi, ukimuomba vizuri na ukimnunulia soda anakuazima. Kama umeme huujui usijifunzie hapa, enda na fundi. Na hata anaeujua, tubu yaweka chaji hata baada ya plagi kutolewa, siku nyingi wakati mwengine, kwa hio mkono hauingii nyuma ya TV mpaka ule mpira wa waya mwekundu umetolewa chaji kwa bisibisi iliyofungwa waya hadi kwenye ardhi ya tubu (ethi yake, sio sakafu). Mimi nilisahau mara moja, nikajikuta nimekaa upande wa pili wa chumba na kiwiko kimegonga mlango.

Haya, tuingie.

Ile ndogo ya betri watu wanaidharau kwa sababu kila mtu alikuwa nayo. Nyumba gani huku haikuwa na TV ya inchi 14 nyeusi na nyeupe, Great Wall au ndugu zake, na betri chini ya meza yapelekwa kuchajiwa kila baada ya siku mbili? Kombe la Dunia la 2002 mimi nilitazama kwenye moja ya hizo, lilikuwa Japani na Korea kwa hio mechi zilikuwa mchana, tumekaa watu kama ishirini kibarazani, Senegal ikimpiga Ufaransa 1-0, na wale walokaa nyuma walikuwa wanashangilia kwa kufuata wa mbele, kuona hawaoni.

Kwa mtu anaeanza hakuna mwalimu mzuri kuliko hii. Ndani bodi ni moja, vitu ni vichache, unaweza kufuata njia kwa kidole kutoka kwenye eriali mpaka kwenye tubu. Volti zake za juu ni elfu 10 na kitu, bado zinarusha mtu lakini sio zile za rangi. Kuijaribu hauhitaji hata ukuta: chukua betri ya pikipiki yenye volti 12, pima kwa mita upande gani wa tundu ni chanya na upi hasi (imeandikwa nyuma, kama haijafutika, ukigeuza unaunguza), washa, subiri. Ukisikia mlio mwembamba kama wa mbu mbali, ule ni wa mistari inayochora picha, mara 15,625 kwa sekunde, maana yake sehemu ya flaibeki yafanya kazi. Watu wa umri wangu hatuusikii tena, muite mtoto akusikilizie, mimi namtumia binti wa jirani ana miaka tisa na hajawahi kukosea.

Alafu kioo kikijaa chembechembe nyeupe za mchele chote, juu mpaka chini, kulia mpaka kushoto, hio ni nzuri. Ukiona mstari mmoja mweupe katikati umelala, sehemu ya kunyanyua picha imekufa, lakini mara nyingi ni kapasita, kile kikopo kidogo cha kuweka chaji, au lehemu ilopasuka, kazi ya nusu saa. Zima haraka tu, ule mstari ukikaa unachoma kioo na alama haitoki. Picha ikiwa imebanwa pembeni au imekunjika juu, kapasita zimekauka, na hizo ni vitu vya shilingi kumi kumi.

Tubu yenyewe itazame kwa tochi kule shingoni nyuma, pale pembamba. Ndani ya kioo kuna doa la rangi ya fedha au linaloelekea weusi, kama kioo cha kujitazamia kilichochakaa. Ile ni bariamu, imewekwa kiwandani ili inyonye hewa ilobaki ndani. Doa likiwa limekuwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na tubu imekufa, usitoe hata ndururu. Hii ni ya kuangalia hata kabla hujaomba kuwashiwa. Kwenye tubu nyingi za rangi doa halionekani shingoni, kwa hio usije ukalitafuta kwenye Sony ukarudi kuniuliza.

Ubaya wake? Picha ni ndogo, sauti ni ya bati, na nyingi hazina tundu la AV, yale ya nyaya za picha na sauti, zina eriali tu. Hapo ndo kuna mtihani, nitaurudia chini.

Sasa Sony. Trinitron zilianza 1968 na mpaka miaka ya 90 mtu wa kawaida wa huku alijua TV nzuri ni hio, jina lenyewe lilitamkwa kwa heshima. Tofauti yake iko kwenye chuma kilicho nyuma ya kioo: tubu nyengine zina bati lenye matundu, hii ina nyuzi za chuma zimesimama wima zimekazwa kama nyuzi za gambusi, mwanga mwingi zaidi unapita, na ndo maana kioo chake ukikiangalia kwa ubavu kimenyooka juu mpaka chini, kimepinda kulia na kushoto tu, kama kipande cha mtungi. Kuzizuia zile nyuzi zisitikisike wameweka waya mmoja au miwili inayokatiza, na kwenye picha nyeupe utaona kivuli chembamba sana cha mstari umelala. Huo sio ufa! Nishamuona mtu kaacha Trinitron safi Malindi kwa sababu ya huo mstari, akashuka mlangoni mimi nikapanda.

Kuijaribu kuna ujanja mmoja mkubwa: mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono nyuma, ikiwa ya moto jiulize kwa nini. Tubu ya rangi ilochoka huwa inajificha ikishapata joto, dakika kumi za mwanzo picha ni ya giza, nyeupe ina ukijivu wa bati, au rangi moja yachelewa kuja, uso wa mtu unakuwa wa kijani alafu pole pole anapona. Muuzaji anaejua anaiwasha saa moja mapema na wewe waona picha kama jana. Ikiwa baridi ndo itakuambia ukweli. Usijali ukiifunga kwenye globu ikawa yajaribu kuwaka na kuzima, hizi za pawasaplai ya kisasa hazipendi globu, la muhimu globu isibaki na mwanga mkali.

Madoa ya rangi kwenye pembe, zambarau au kijani, mara nyingi ni sumaku tu, mtu kaweka spika karibu. Ndani kuna koili inayofuta kila ukiwasha, ile "dumm" unayoisikia mwanzo, sasa zima, acha nusu saa ipoe, washa tena, mara tatu hivi. Doa lisipotoka lakini linapungua, litatoka. Lisipobadilika kabisa inawezekana TV ilianguka na nyuzi zimepinda, hio achana nayo. Na mwisho igonge gonge kasha kwa kiganja, si kwa hasira. Picha ikiruka kuna lehemu ilopasuka na hio ni hoja ya kushusha bei, sio ya kukimbia.

Kilichonifurahisha kwenye hii ya kijana ni kwamba yatoka Dubai. Hili wengi hawalijui na linawagharimu. Enzi za analogi Kenya ilikuwa kwenye PAL, mfumo wa kurusha TV ya rangi, lakini PAL sio moja: hapa, na nchi nyingi za Ghuba, na Italia, sauti ilikaa megahezi 5.5 juu ya picha, Uingereza waliiweka 6. Ukichukua TV ya Uingereza ya zamani ukaitilia kwa njia ya eriali picha yaja vizuri kabisa na sauti ni shhh. Watu wanafikiri spika imekufa wanabadilisha spika. TV za Dubai nyingi zilitengenezwa zimeze mifumo yote kwa sababu walijua wateja wao ni wasafiri, na nyingi zina AV, kwa hio hii Sony king'amuzi unachomeka nyaya tatu, njano, nyeupe, nyekundu, umemaliza. Na kwa vijana wenye gemu za zamani, zile za bunduki ya kupiga bata zafanya kazi kwenye TV za tubu peke yake, kwenye flati skrini unapiga mpaka unazeeka bata hafi.

Ubaya wa Sony ni uzito, na bodi yake imejaa. Ikiharibika sehemu ya ndani kabisa unahitaji fundi aliezifungua hizi, na hao wanapungua, wengi siku hizi ni simu tu. Na chumvi ikishaingia kwenye flaibeki ya rangi nishakuhadithia mwisho wake.

Na bibi harusi mwenyewe, ya mbao.

Nikiri kwanza: ni nzuri. Ile vanishi, vile vifundo vya rangi ya dhahabu, kitambaa cha spika, ukiiweka kwenye sebule ya nyumba ya mawe chini ya vidaka inakaa kama ilizaliwa pale. Na kwa kuwa ni ya Italia sauti yake ni hio hio 5.5 yetu, na ikiwa ya miaka ya 60 kwenda mbele yumkini inashika UHF pia, yale masafa ya juu, maanake Italia chaneli yao ya pili ilianza 1961 na ilirushwa kwa UHF. Kwa hio kimfumo haina tatizo hapa. Malindi kwa hilo ina bahati kuliko Mombasa, Wataliano wamekuja na vitu vyao tangu zamani, na wengine walikuja na mitambo kabisa, si pale Ngomeni ndo walirusha satelaiti kutoka baharini, ya kwanza 1967.

Lakini sasa sikiliza ndani yake. Valvu za TV nyingi za Ulaya, hizi za PL na PY na PCL, nyuzi zao za joto zimefungwa kwa mfuatano, moja baada ya nyengine kama taa za harusi. Moja ikikatika zote zinazima, tubu nayo imo humo. Kuzipima sio kazi ngumu, mita tu, valvu moja moja, lakini PL504 Malindi utainunua duka gani? Utaagiza nje, ije na posta, na uombe Mungu isivunjike. Kapasita za karatasi za miaka hio hazifai tena hata kama TV haijatumika, zinavuja umeme zikiwa zimelala, kwa hio kabla ya kuiwasha zabadilishwa, na ni nyingi. Globu nayo hapa inachanganya, TV yenyewe nzima yala wati 150 mpaka 200, globu itang'aa tu, lazima ujue unachokitazama.

Na kubwa kuliko yote, nyingi ya hizi bati lake la ndani limeungwa na waya mmoja wa ukutani moja kwa moja, hakuna transfoma katikati. Plagi ya Kitaliano inaingia pande zote mbili, ukiigeuza bati zima lina moto wa volti 240. Kifundo kikitoka na mtoto akashika kile chuma kilichobaki... mimi siweki TV ya namna hio nyumbani mpaka fundi aifunge plagi ya miguu mitatu ya kwetu, moto kwa moto na nyutro kwa bati, na aipitishe kwenye transfoma ya kutenganisha.

Bado sijasema mbao. Plaiwudi ya nje ikipata unyevu wa Lamu yajifungua kama sambusa ilokosa kubandikwa, na kwenye picha ya tatu ya kijana, chini ya mguu wa kushoto, nimekuza nimeona unga mwembamba wa njano sakafuni. Fukusi. Hakuuona kwa sababu alikuwa anapiga picha ya kifundo.

Kwa ya mbao nina ruhusa moja. Ukiingia kwenye nyumba hizo ukakuta ndogo ya plastiki, ina mkono wa kubebea na kioo kimeinama nyuma kidogo kama mbwa anaekutazama usoni, imeandikwa Brionvega, ile Algol ya 1964 walioibuni kina Zanuso na Sapper, hio lipa kwanza maswali baadae, hata ikiwa haiwaki. Ni ya transista, si ya valvu, na wakusanyaji wa Ulaya wanaitafuta kwa tochi.

Sasa ule mtihani wa eriali. Analogi Kenya ilizimwa 2015, kwa hio TV ya zamani peke yake haipati kitu, chembechembe tu. Sony ina AV imesalimika. Ya betri na ya mbao zataka kitu cha kugeuza AV kuwa mawimbi ya eriali. Watu wanasema king'amuzi kina tundu la eriali la kutokea, ndio, lakini kwa vingi lile linapitisha tu kile kilichoingia, halitengenezi picha ya analogi. Dawa ni deki ya video, ile ya kanda. King'amuzi kinaingia kwenye AV ya deki, kutoka kwenye deki waya wa eriali unaenda kwenye TV, unatafuta UHF karibu na chaneli 36, ukikuta picha umefika. Deki hata ikiwa haichezi kanda, haidhuru. Watu wanazitupa. Msizitupe.

Kwa hio nikamwambia kijana hivi. Kama unataka ya kutazama kila siku, mpira na gemu, chukua Sony, ukiijaribu ikiwa baridi, na utafute mtu wa pili wa kubeba. Kama unataka kujifunza hii kazi, uifungue, uiharibu, uitengeneze, chukua ya betri, na ubaki na chenji ya kununua lehemu na kapasita. Ya mbao sio ya kwanza ya mtu yeyote. Ni ya nne au ya tano, ukishakuwa na fundi wako na valvu za akiba na mahali pakavu. Mimi kwa yeye, nikimjua alivyo, nilimwambia ya betri. Hio anaipakata mwenyewe kwenye basi mpaka Mokowe, kwenye boti aifunge kwa nailoni na juu taulo, na kutoka jeti hata punda haitaki. Sony lazima umlipe hamali, na ya mbao usijaribu kuiweka juu ya punda, miguu yake na vichochoro vya Mkomani havitaelewana.

Akakaa kimya siku mbili. Jana akanipigia, kachukua ya betri, elfu mbili kasoro, doa la shingoni bado la fedha, kapimisha kwa betri ya bodaboda aliekuja nae na chembechembe zimejaa kioo kizima. Alafu akauliza, ami, hio deki yako waiuza? Siuzi. Lakini TV akifika nayo aje jioni aiwashie hapa kwangu, na binti wa jirani nitamwambia asilale mapema.